Kukhu Hakukimbia

Nekesa mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Kesses kuwaaga marafiki zako, na mimi nimejifungia jikoni na karatasi kama mtu anayeficha sukari. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutotoa simu barabarani huko Nairobi, hayo babako amekuambia mpaka umeanza kuyasema pamoja naye. Sitayagusa. Nina jambo moja tu. Nilikudanganya kuhusu ile rekodi yako ya majaribio ya filamu yangu, na kwa sababu ya uongo huo unaenda kesho kusomea kunasa sauti za watu wengine, wewe ambaye ulizaliwa kuwa mbele ya kamera. Bado kuna nafasi ya kurekebisha, nitakueleza. Lakini kwanza lazima niseme nilichofanya, na nikisema mdomoni nitaanza kujitetea. Unanijua.

Nitaanza mbali kidogo. Mwalimu wa historia ukimuuliza saa ngapi, anakueleza kwanza saa ililetwa na nani.

Wewe ulilala chumba kimoja na Kukhu, nyanya yako, miaka yote ya utoto wako, kwa hivyo hadithi ya uji uliisikia kabla hujajua kusoma. Acha niiandike hata hivyo. Nimetengeneza filamu nzima juu yake na sijawahi kuiandika jinsi ilivyokuwa.

Mama yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wake walikuwa wametoka magharibi wakapata kazi kwa shamba la Kaburu mmoja upande wa Cheptiret, shamba la ngano. Siku moja huyo Kaburu aliamua familia zote za wafanyakazi ziondoke. Wanaume wakafungiwa stoo, nyumba zikawashwa moto, na yeyote aliyejaribu kutoka alirudishwa na askari wa shamba angoje kupakiwa kwa lori, bila kuambiwa lori linaenda wapi. Mama alikuwa ameachiwa mdogo wake, Wafula, ambaye hata kutembea vizuri alikuwa hajui. Shangazi yao aliishi shamba la jirani, ng'ambo ya ngano. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika shuka, akachukua sufuria ya uji iliyokuwa bado kwa moto, akajitwika, akatembea moja kwa moja hadi kwa askari. Alitembea kama msichana aliyetumwa kuwapelekea uji watu wa mashine ya kuvuna, maana ndiyo kazi aliyotumwa kila siku.

"Uji wa nani huo?" askari akauliza.

"Wa watu wa mashine."

"Nipimie."

Akaitua, akampimia kikombe, akasimama kungoja amalize. Uji ulikuwa moto, kwa hivyo askari alikunywa pole pole, akipuliza. Nyuma yake nyumba yao ilikuwa inaungua. Mtoto mgongoni alikuwa macho chini ya shuka. "Niliangalia kikombe," Mama alikuwa akituambia. "Ningemwangalia usoni ningelia." Akarudishiwa kikombe, akajitwika tena, akaenda zake katikati ya ngano, na hata walipokuwa hawamwoni tena hakuongeza mwendo. Ukiwa na uji kichwani hukimbii. Uji ukimwagika umejitangaza.

Hiyo ndiyo hadithi. Hakuna mbio ndani yake hata moja. Wewe unajua hivyo, na mimi najua hivyo, na ukitutoa sisi wawili sijui mtu mwingine duniani anayejua.

Unakumbuka majaribio ya kutafuta wa kuigiza kama yeye yalifanyika hapa nyumbani, kwa sababu Kukhu miguu ilikuwa imeanza kukataa. Wasichana kumi na moja walikuja wakafanya, wakaenda. Wewe ulikuwa wa mwisho, umejifunga mto mgongoni na kuuita Wafula, na sufuria ilikuwa na uji wa kweli kwa sababu ulikataa maji. Ulikuwa umefanya mazoezi wiki mbili ukizunguka banda la kuku, na uji ulikuwa umekumwagikia shingoni mpaka ukapata alama. Kukhu alikaa kwa kile kiti cha plastiki nyuma ya kamera, na sauti yake iliingia kwenye rekodi yote, dakika arubaini. "Shingo. Shingo, Nekesa. Huo mguu wa kushoto uburute kidogo, mtoto anaegemea huko. Usimwangalie askari, angalia kikombe. Sasa ngoja. Ngoja tu. Bado anakunywa."

Na wewe ukangoja. Sijui ulifanya nini, sikukufundisha mimi. Ulisimama tu, mikono imeshikana mbele, na nikasahau ni mtoto wangu. Mpiga picha alipozima kamera alifuta macho akaniambia, "Madam, tumemaliza kutafuta. Ni huyu."

Siku tatu baadaye nikakuita hapa jikoni nikakuambia jopo limeamua. Nikasema, "Kamera haikupendi, mama. Si makosa yako, kuna watu kamera inawapenda na kuna watu haiwapendi." Ukasema, "Ni sawa, Mum." Ukaenda kuosha ile sufuria. Uliiosha muda mrefu sana.

Nekesa, hakukuwa na jopo. Jopo lilikuwa mimi.

Watu walioniuliza niliwaambia sitaki kusemwa kwamba nimempa mtoto wangu kazi. Walinisifu, wakasema huyo ni mama mwenye haki. Sababu ya kweli ni ya aibu kuliko hiyo. Asubuhi ya siku iliyofuata majaribio nilikuwa nateremka kutoka Kiplombe, ukungu bado uko chini, na kikundi cha wakimbiaji kikanipita. Katikati yao alikuwa Jelagat. Unajua vile anakimbia, kama mtu ambaye ardhi haimdai chochote. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yake. Nikasimama kando ya barabara na vitabu vyangu nikasema moyoni, hiyo ndiyo filamu. Papo hapo nikamfuta mama yangu akitembea, nikamweka Jelagat anakimbia kwenye ngano, shuka likipepea.

Na kulikuwa na lingine chini ya hilo. Wewe una mwili wangu. Mabega haya, mapaja haya, ni yangu. Nilipokuwa shule ya upili mwalimu wa drama alinipima kwa macho akanipa kazi ya kukata tiketi mlangoni, miaka minne. Nilidhani nimesahau. Nilipoona ule mwili kwenye kioo kidogo cha kamera, mpana na wa pole pole, niliona watu wa ukumbi wakicheka kabla hawajaingia ukumbini. Kwa hivyo nikakufanyia vile nilivyofanyiwa, na nikatafuta maneno mazuri zaidi ya kukufanyia.

Baada ya hapo kila kitu kilienda kwa urahisi, na hilo ndilo lingepaswa kunishtua. Skripti ilibadilika kwa siku mbili. Uji ukatoka, kwa sababu hakuna anayekimbia na uji. Askari na kikombe wakatoka, nikawaweka askari sita wanaomfukuza. Jina la Mama likatoka pia. Jelagat ni Mkalenjin, Mama ni Mbukusu, na mji huu wetu unaujua, mtu akisikia jina kwanza anauliza la wapi ndipo asikilize mengine. Nikaogopa kulaumiwa na huku, nikaogopa kulaumiwa na kule. Nikamwita Msichana tu, wa kabila lisilojulikana, ametoka mahali pasipojulikana. Hakuna aliyekasirika. Mama yangu mwenyewe pia hakuwemo tena, lakini yeye hangekuja kunilalamikia ofisini.

Jelagat usimwekee kinyongo. Siku ya kwanza ya mazoezi aliniuliza, "Madam, kwa nini nakimbia? Mimi nikiwa na mtoto mgongoni siwezi kukimbia hivi, atatapika." Mtoto wa miaka kumi na tisa aliona lile nililokataa kuona. Nikamwambia afuate skripti.

Na wale wafanyakazi wa shamba, unakumbuka niliwatoa wapi? Kambi ya wakimbiaji, kwa sababu wakishamaliza mazoezi ya asubuhi wako bure mpaka saa kumi, na wamekonda vizuri, nikaona watafaa kwa watu wenye njaa. Nikawavika magunia. Nikasema, kimbieni kama watu ambao nyumba zao zinaungua. Wakakimbia kisigino juu, viwiko ndani, pumzi imepangwa, mbele mmoja, nyuma wamejipanga kwa kundi kukwepa upepo. Familia thelathini za maskwota zinatoroka moto, na zimegawana kazi ya kuongoza. Mmoja alipovuka pale tulipokuwa tumesema mwisho akabonyeza kifundo cha mkono mahali saa ingekuwa. Iko kwenye filamu mpaka leo, watu wa Eldoret wakifika hapo wanapiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka na wao. Nilikuwa nacheka katikati ya mahali nyumba ya mama yangu inaungua.

Sasa nifike kwa rekodi.

Tulipiga picha za mbio hapo karibu na Kesses, shamba la ngano la rafiki ya babako, ambalo lilikuwa livunwe siku iliyofuata. Jua lilikuwa linashuka na wakimbiaji wameanza kupoa. Mpiga picha akasema kadi imejaa. Tulikuwa na mbili, na ya pili ilikuwa imebaki nyumbani. Akanionyesha vilivyomo ili nichague cha kutoa. Kilichokuwa kinakula nafasi kubwa kilikuwa kimoja, na kimeandikwa jina lako. Akaniuliza, "Hii umeshaihamisha kwa laptopu, Madam?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijaihamisha. Nilijua sijaihamisha, Nekesa, sikusahau, sikuchanganyikiwa. Niliangalia ile picha ndogo, wewe na sufuria kichwani, nikabonyeza mwenyewe. Nafasi ikapatikana, Jelagat akakimbia, na jua kwenye picha likatoka zuri sana.

Kwa hivyo Januari ulipoingia chumbani ukiwa na fomu za chuo, ukasema wanaotaka kuigiza wanatakiwa kutuma kipande cha video, na ukauliza kama ile rekodi bado iko, nilikuambia laptopu ilikufa nayo. Nikakuonyesha hata laptopu yenyewe. Sijui mtu anapata wapi ujasiri wa kuonyesha ushahidi wa uongo, lakini mimi nilikuwa nao. Ukakaa kwa kitanda changu kidogo. Nilikuambia tengeneza nyingine, nawe ukasema, "Bila Kukhu? Wacha tu. Na si ulisema kamera hainipendi." Hukusema kwa ubaya, ulikuwa unanikumbusha tu, kama mtu anayekumbusha namba ya simu. Ukachukua kalamu ukajaza fomu ya sauti.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na mtu mwingine. Nikasema, "Sauti pia ni kazi nzuri."

Mambo ya Kukhu ndiyo yananiamsha zaidi, na kuna sehemu hujui kwa sababu ulikuwa umekasirika na ukakataa kuja ukumbini siku ya kuonyesha filamu. Nilimkalisha mbele, pembeni yangu. Alitazama vizuri mpaka mbio zilipoanza. Akaniinamia akauliza, "Huyu mtoto anakimbilia wapi?"

"Ni wewe, Mama."

Aliangalia mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani. Taa zilipowaka watu wakamjia mmoja mmoja, mchungaji, wanawake wa kikundi, wazee wa soko, wakimshika mkono. "Kumbe Mama ulikuwa mwanariadha! Kumbe hii mbio ya Eldoret mlianza nyinyi!" Akatabasamu kwa kila mmoja. Kwa gari akaniambia tu, "Uji hukuuweka." Nikamwambia filamu ina mahitaji yake. Mimi, kwa mama yangu, kuhusu uji wake.

Hakusema tena. Ningependa angegomba. Nilichokuja kusikia kilikuwa kibaya zaidi ya kugombezwa. Mwaka uliofuata, ulipokuwa kwa shangazi yako, wageni wa kanisa walikuja kumwona, nikiwa hapa jikoni nachuja chai. Wakamwomba awasimulie. Nikamsikia anasema, "Basi nikakimbia. Askari wako nyuma, mimi na mtoto, nikakimbia." Nikashika chujio hewani. Nilifikiri anawatania. Nikachungulia mlangoni nikaona uso wake, na alikuwa anakumbuka. Alikuwa anaiona ile ngano niliyompigia mimi, na lile jua. Wageni wakasema Bwana asifiwe, na mimi nikaleta chai. Sikumsahihisha. Ningemwambia nini? Na kusema ukweli, mwanangu, kuna kipande changu kidogo kilifurahi, kwa sababu mtengeneza filamu akisikia mtu anaamini filamu yake anafurahi hata kama ni mama yake anayepotea ndani yake.

Alirudia hivyo mpaka mwisho. Kwa mazishi mchungaji alihubiri juu ya mbio, na binamu zako wakaitikia kwa kichwa, na kwenye kile kitabu cha wasifu tulichopiga chapa imeandikwa alikimbia. Nilikuona umesimama kando ya hema, umekaza taya. Nilidhani unalia kama wengine. Baadaye nilielewa kwamba katika watu wote pale ni wewe tu uliyekuwa unamzika yule msichana mwenyewe.

Sikuandikii haya ili uniambie ni sawa. Ukiniambia ni sawa nitakusikia ukiosha sufuria. Kama siku moja utakuwa na mzee mbele yako anakupa maisha yake na wewe una mpango wako mzuri mfukoni, natumaini utaona haya mapema kuliko nilivyoona mimi. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha kwa jambo hili, nimeshindwa somo lenyewe.

Lakini kuna hili. Ijumaa nilipiga simu chuoni, nikapitishwa kwa watu wanne, na wa mwisho, mama mmoja mpole, akaniambia wiki mbili za kwanza mwanafunzi anaweza kubadilisha kozi. Video si lazima akiwa yuko pale mwenyewe. Anaingia chumbani, wanamtazama. Jina la huyo mama na namba ya mlango nimeandika nyuma ya karatasi hii. Sikukujazia fomu, sikumwahidi chochote kwa niaba yako. Kama umeipenda sauti kweli, baki na sauti, na sitauliza tena. Ila usibaki nayo kwa sababu ya neno langu, maana lile neno lilikuwa uongo tangu lilipotoka. Kamera ilikupenda. Mtu aliyeishika alilia. Ni mimi niliyekuwa sipendi, na nilikuwa sipendi mwili wangu.

Nilitafuta mtu wa kuirudisha ile rekodi. Nimeenda kwa mafundi watatu mjini, wote wameniambia kadi imeandikwa juu mara nyingi, hakuna kitu. Sauti ya Mama ikikuambia shingo, ikikuambia ngoja, haipo. Yule wa tatu aliniuliza kwa upole kama nina nakala mahali pengine. Nikasema hapana, nikatoka, na nilikuwa nimefika kwenye kona ya soko ndipo nikaelewa kwamba nimemjibu vibaya. Ipo nakala moja. Iko kwa shingo yako, iko kwa huo mguu wa kushoto ambao Kukhu alikufundisha kuuburuta, iko kwa vile unavyojua kusimama ukangoja mtu amalize kunywa. Iko kwa mwili uleule niliouonea aibu, na mahali pengine popote haipo.

Kesho asubuhi tukienda stendi tangulia mbele, mimi nitakuja nyuma na sanduku. Maisha yako yote nimekuambia uharakishe. Kesho tembea unavyotembea, hata basi likituacha.

Mama yako,
ambaye hakustahili kuambiwa ni sawa siku ile